Picha Ipo, Sauti Haitoki

9 Februari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na cherehani inakula kitambaa kama kawaida yake. Sisi huku hatujambo, ni uchovu tu. Kwenye dobi ya hoteli wafanyakazi tumepunguzwa lakini mashuka hayakupunguzwa, kwa hiyo kila mmoja wetu anakunja ya watu wawili. Nikifika nyumbani mikono inaendelea kukunja yenyewe. Juzi nimejikuta nimekunja gazeti pembe nne kama foronya.

Nimeona niandike kwa sababu simu imenishinda. Nikikupigia unapokea, unasema "Haloo! Haloo! Nani?" halafu unakata. Basi turudi kwenye barua, kama ulivyokuwa ukiniandikia nikiwa shule ya bweni.

Utaletewa boksi na dereva wa lori la sabuni, yule mnene asiyevua kofia. Ndani kuna deki yangu ya kuchezea diski, sabufa na spika zake mbili ndogo, na furushi la waya. Ulilalamika kwamba wasomaji wa habari siku hizi wananong'ona kama watu wenye siri, nikaona hii itakufaa. Usiulize kwa nini naviachia. Hapa kwetu nafasi ni ndogo.

Chini kabisa, ndani ya taulo, kuna diski ya harusi yangu. Najua umeisubiri. Nisamehe kwa kuchelewa kuileta.

Kuunganisha si kazi. Kuna waya wenye vichwa vya rangi tatu kila upande. Wa njano ni wa picha: utoke kwenye deki uende kwenye televisheni, tundu la njano. Mwekundu na mweupe ni ya sauti: itoke kwenye deki iende kwenye sabufa, rangi kwa rangi. Kisha chukua rimoti ya televisheni, bonyeza kitufe chenye herufi AV mpaka kioo kigeuke cha buluu. Hapo tia diski, upande wa maandishi juu.

Nitafurahi ukiniandikia kwamba umemsikia Mama, mkeo marehemu.

Mimi mpwa wako,
Sindano


1 Machi

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba, mama. Mimi nipo. Mgongo ni ule ule, tumezoeana. Kazi ipo kidogo: sare za shule, mapazia ya mama mmoja anayehama kila mwaka, na suruali za wazee wenzangu za kupunguza kiuno, maana sisi sasa tunarudi nyuma. Cherehani imekuwa kimya siku hizi, inakwenda laini mpaka nashangaa. Nadhani ni yale mafuta mapya.

Simu usipige. Imeharibika, sauti haitoki. Nitaipeleka kwa fundi nikipata nafasi.

Boksi limefika. Dereva alilitua mlangoni, akanena maneno mengi na kucheka, nami nikacheka. Nilikaa siku nzima nikiliangalia kabla ya kulifungua. Vitu vizuri hivi, Sindano, na mpya. Mtu havitoi hivi hivi. Lakini umesema nisiulize.

Unajua kwa nini naitaka ile diski, ila nitasema tena, maana uzee ni kurudia. Siku ya harusi yako, marehemu mwenzangu aliposimama kusema, mimi sikuwepo ukumbini. Suruali ya msimamizi wa bwana harusi ilipasuka nyuma alipoinama kuokota maua, nami nilikuwa chumba cha nyuma nikiishona, yeye amekaa na taulo kiunoni akitetemeka. Niliporudi watu walikuwa wanacheka na kunitazama. Nikamuuliza mwenzangu, umesema nini? Akasema, "Utajionea kwenye video." Kila nilipomuuliza jibu likawa hilo hilo. Alifanya mchezo. Halafu akaugua, na katika kuugua hatukukumbuka mambo ya video. Akaondoka nalo neno lake.

Basi nimeunganisha kama ulivyosema. Njano kwa njano. Kioo kikageuka buluu, nikatia diski, na hapo hapo nikawaona watu wote, wewe na gauni nililokushonea, yeye na kilemba chake. Picha ipo safi. Sauti haitoki. Amesimama pale, mdomo unacheza, mkono umeshika kiuno, na mimi nimekaa mbele yake kama mtu anayetazama samaki ndani ya chupa.

Nimechomoa na kuchomeka mpaka vidole vimeuma. Niambie nimekosea wapi.

Mkwe wangu hajambo? Mwambie namsalimu sana.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kazini, nimekaa juu ya gunia la taulo chafu wakati wa mapumziko. Sisi tunafanya kazi chini ya ardhi, mashine zinaunguruma toka asubuhi, tunazungumza kwa ishara kama polisi wa barabarani. Mwenzangu niliyekaa naye, mama mtu mzima aliyefanya kazi pale miaka mingi, aliniuliza, "Barua ya nani?" Swali hilo walilisikia mpaka jikoni ghorofa ya juu. Tunamwita Mama Honi. Ni mtu mwema, anajua kucheka.

Sasa sikiliza. Nyuma ya hivi vyombo kuna matundu ya aina mbili. Mengine yanatoa, mengine yanapokea. Yanayotoa yachukulie ni mdomo, yanayopokea ni sikio. Rangi zinafanana, ndiyo maana watu wanachanganya. Nadhani umeunganisha mdomo na mdomo. Deki ni mdomo. Kwenye sabufa tafuta sikio: yale matundu mawili ya juu, karibu na waya wa umeme. Ya chini ni ya kutoa, usiyaguse.

Kisha kwenye sabufa kuna kitufe cha kubadilisha, bonyeza mpaka zitokee herufi AUX. Ikiwa kwenye redio au kwenye flashi haitasema kitu. Mwisho, zungusha lile duara kubwa la sauti kwenda kulia. Kulia, Mjomba. Angalia pia taa nyekundu mbele inawaka. Ikiwa imezimika basi soketi haina moto.

Mkwe wako hajambo.

Samahani kwa kifupi. Kesho nina zamu ya asubuhi, na kabla ya hapo nina foronya.

Sindano


14 Aprili

Sindano,

Marahaba. Mimi nipo, ila nimechoka, na safari hii si mgongo, ni watu.

Nimefanya yote. Nimelala chini kifudifudi na tochi mdomoni, nikakuta kweli nilikuwa nimechomeka kwenye matundu ya chini. Nikahamisha. Nikabonyeza mpaka AUX. Taa nyekundu inawaka. Duara nimelizungusha kulia mpaka likagota. Nikatia diski, nikasogeza kiti. Akasimama, akashika kiuno, mdomo ukaanza kucheza. Kimya. Nikaweka sikio kwenye spika yenyewe. Kuna kitu kama mtu anaburuta gunia mbali sana, basi.

Nikiwa hapo, mlango ukafunguliwa. Mwalimu, jirani yangu wa ukuta mmoja, amesimama na miwani yake mkononi, uso umemvimba, mishipa ya shingo imetoka. Anapunga mikono. Anaonyesha sabufa, anaonyesha ukuta, anaonyesha kichwa chake. Nikamwambia, "Mwalimu, kama una shida, sema polepole." Akazidi. Akapita mbele yangu bila ruhusa, akachomoa waya ukutani, akaondoka! Ndani ya nyumba yangu, Sindano. Mtu niliyemshonea koti la kustaafia. Tangu siku hiyo tukikutana kwenye korido mimi naangalia dari.

Na si yeye peke yake. Yule mama wa mapazia alikuja akasimama nyuma yangu sijui tangu lini. Nilipogeuka nikashtuka, sindano ikanichoma. Akanifokea sikioni mbele ya watu: "Mzee, hii mashine inagonga kama nyundo na wewe umekaa tu!" Nikaifungua. Kweli, skrubu ya gurudumu ilikuwa imelegea, chuma kimeanza kulika. Cherehani ambayo nimeishi nayo kuliko nilivyoishi na mama yangu.

Sijui watu wamekuwaje mwaka huu. Wote wamekuwa wakali halafu wananong'ona.

Hiyo sabufa yako ni mbovu. Sikulaumu, huenda ilipigwa njiani na lile lori.

Kila barua nauliza habari za mkwe nawe unanijibu maneno matatu. Hata kama yuko safarini, niambie.

Mjomba wako


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kidole kimepona.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaichukua tena. Kuna jambo limenikaa. Unasema sabufa ilikuwa kimya. Na unasema Mwalimu alikuja akachomoa waya. Sasa Mwalimu alikasirikia nini, kama ilikuwa kimya?

Nilikueleza habari za Mama Honi. Mwanzoni nilidhani anapiga kelele kwa sababu ya mashine. Kumbe mashine zimemaliza masikio yake. Kwenye chumba chetu cha kulia kuna televisheni, na yeye akishika rimoti wote tunatoka nje na sahani zetu. Anasema watangazaji wananong'ona. Maneno yale yale yako, Mjomba. Alikaa hivyo muda mrefu, anagombana na kila mtu, mpaka mtoto wake akamshika mkono akampeleka kupimwa.

Nakuuliza, na usinikasirikie, maana huku sina mwingine wa kumuuliza jambo lolote: wewe unasikia?

Kabla hujanijibu, mwite fundi wa vyombo hapo mtaani, aijaribu sabufa mbele yako. Kama ni mbovu atasema ni mbovu, nami nitakuomba radhi.

Sindano


30 Juni

Sindano,

Salamu nimezipokea. Barua yako ilifika mapema. Niliiweka chini ya kitambaa cha kaki, nikawa nakata nguo juu yake.

Nilikasirika, nakuficha nini. Nikasema, huyu mtoto niliyemfundisha kutia uzi kwenye tundu la sindano leo anataka kunifundisha mimi sikio langu. Nikaapa sitamwita fundi. Nikamwita.

Alikuja, kijana mmoja mpole mwenye ndevu, na begi lake la bisibisi. Akakagua waya zote, akatikisa kichwa kuonyesha nimeunganisha vizuri. Hiyo ilinifurahisha. Nikamwambia, "Sasa ongeza sauti." Akaongeza. Nikamwambia, "Ongeza, bwana, usiogope." Akanitazama. Akaongeza. Glasi iliyokuwa juu ya kabati ikaanza kutembea yenyewe, ikafika ukingoni, ikaanguka ikapasuka, nami nikaiona ikipasuka kama inavyopasuka ndotoni. Fundi alikuwa ameziba masikio yake kwa viganja vyote viwili.

"Vipi?" nikamuuliza.

Akasema kitu. Nikamwambia sijamwelewa. Akasema tena, nikaona meno yake tu. Basi akakaribia televisheni, na kwenye vumbi la kioo, juu ya uso wa watu wa harusi yako, akaandika kwa kidole: INALIA.

Nilikaa chini. Alizima, akakusanya vipande vya glasi, akakataa malipo, akanipa mkono na kuushikilia kuliko ilivyo desturi. Nikajua ameniaga kama anavyoagwa mgonjwa.

Nimekwenda hospitali. Walinitia kwenye kijumba cha vioo, wakanivisha vitu kichwani, wakaniandikia nikisikia mlio niinue mkono. Nilikaa nikingoja mlio uanze. Mara wakafungua mlango, kumbe imekwisha. La kushoto limekufa, la kulia linaondoka. Kuna vifaa vya kuvaa, ila daktari aliniandikia kwamba kwangu mimi vitaleta kelele tu, maneno havitaleta. Nimekuwa nikijua, Sindano. Nilijua tangu nilipoacha kusikia mvua. Nikajiambia mwaka huu ni wa ukame.

Nimeomba radhi kwa Mwalimu. Alinishika bega, akaandika kwenye karatasi kwamba yeye ndiye mkosaji. Nimemwachia hivyo.

Linaloniuma ni moja. Nyumba kimya naiweza, tangu mwenzangu aondoke ilishakuwa kimya. Lakini yule pale, kwenye kioo, anasema. Kila mtu ukumbini anamsikia, mpaka mtoto mchanga wa shangazi yako amegeuza shingo. Mimi tu simsikii, tena kwa mara ya pili. Siwezi kumwomba Mwalimu aje anisikilizie mke wangu.

Nimekwambia langu lote. Sasa niambie la kwako. Sina masikio, macho ninayo. Mtu hatoi deki yake, sabufa yake na diski ya harusi yake kwa mpigo mmoja kwa sababu ya nafasi ndogo.

Mjomba wako


21 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimelia, nimemaliza, sasa naandika.

Mkwe wako aliondoka mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Hakunipiga, hakunitukana. Alianza kuchelewa, akazoea kuchelewa, mwisho akaona kurudi ni usumbufu. Ana nyumba nyingine upande wa pili wa mji, na mwenye nyumba hiyo ana mimba. Nimehamia chumba kimoja, choo cha pamoja. Kila nilipokuandikia "hajambo" sikudanganya, hajambo kweli. Nilishindwa kukuandikia kwa sababu ulinishonea lile gauni kwa miezi, na Mama alikwisha ondoka, nikaona nitakutia msiba juu ya msiba. Vyombo nilikupa kwa sababu sikuweza kuvitazama. Ile diski tulikuwa na mbili. Moja nilikuletea, ya pili nilitaka kuivunja, nikaitia kwenye sanduku chini ya masweta.

Jumapili nimeitoa.

Sina pa kuichezea, nikamwomba Mama Honi. Anakaa na mtoto wake kwenye vyumba viwili nyuma ya gereji, na deki anayo, ya kwake imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bi harusi. Nikamweleza: nataka kuandika maneno ya mtu mmoja, neno kwa neno, kwa ajili ya mjomba wangu asiyesikia. Akanitazama, akavuta kiti. "Basi mimi nitakaa hapa," akasema kwa ile sauti yake. "Kila anachosema unirudie mimi kwa nguvu. Nikisikia mimi, na yeye atasikia." Ndivyo tulivyofanya. Nacheza kidogo, nasimamisha, namrudia, naandika.

Mama anaposhika kiuno, hapo ndipo anaanza.

"Jamani, mimi si mtu wa kusema," anasema.

Mama Honi: "Anasema nini?"

"Anasema yeye si mtu wa kusema!"

"Mbona anasema?"

Tukacheka mpaka mtoto wake akachungulia. Sasa nakuandikia yake Mama peke yake, nimeyaangalia mara mbili, hayana nyongeza yangu:

"Jamani, mimi si mtu wa kusema. Mwenye kusema nyumbani kwetu ni cherehani. Mnamtafuta mume wangu? Msimtafute. Yuko huko nyuma, anashona suruali ya msimamizi. (Watu wanacheka hapa, na msimamizi hayupo, kiti chake kitupu.) Ndiyo, chekeni. Mimi nimekwenda harusi nyingi na huyo bwana, na zote nimekaa peke yangu, maana hakuna sherehe ambayo nguo ya mtu haipasuki. Zamani nilikuwa nakasirika. Narudi nyumbani sisemi naye. Nikidhani anapenda nguo za watu kuliko anavyonipenda mimi.

"Sasa binti yangu, wewe uliyekaa hapo umependeza, nikwambie jambo moja halafu nikae, miguu inauma. Huyo mtu ananishonea nguo tangu nikiwa mwembamba kama wewe, na hajawahi kunipima. Hata siku moja. Futi yake inaning'inia shingoni, anapima watu wote wa mtaa, mimi hanipimi. Nimenenepa, nimezaa nikapoteza, nimekonda, nimenenepa tena, na kila nguo aliyonipa imenikaa. Nilikaa miaka najiuliza anajuaje. Halafu nikaacha kujiuliza. Mtu akikutazama hivyo, hata kama hakai karibu yako kwenye picha, hujakaa peke yako.

"Basi. Mtazame mwenzako kama anakutazama. Na huyo fundi akitoka huko nyuma msimwambie nimesema haya, atavimba kichwa, kofia zake zote zitambana."

Hapo watu wanapiga makofi, na wewe unaingia mlangoni, uzi mweupe umebaki begani, unauliza kuna nini.

Mama Honi akaniuliza, bila kupiga kelele, sikujua kwamba anaweza, "Na wako alikuwa anakutazama?"

Nikarudisha nyuma tukaangalia. Yeye amekaa kulia kwangu, amependeza sana. Anatazama kamera.

Nimezima. Nimekunywa maji ya watu. Nimerudi chumbani kwangu nikalala mchana kweupe, usingizi ambao sijaupata tangu mwaka jana.

Nisamehe kwa mwandiko.

Sindano wako


11 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Leo sikuiti mpwa.

Barua yako ililetwa nikiwa napiga pasi. Nilipoona unene wake nilizima pasi kwanza. Nikafunga mlango wa duka, nikafuta kioo cha televisheni, nikatia diski. Alipoinua mkono kushika kiuno nikaanza kusoma kwa sauti. Mara ya kwanza nilimpita, nikamaliza yeye bado anacheza mdomo. Nikarudisha. Mara ya pili alinipita yeye. Nilirudia na kurudia mpaka tukaenda pamoja, yeye na mdomo wake, mimi na karatasi. Ilipofika pale pa "miguu inauma" niliona kweli anahamisha uzito kwenda mguu wa kushoto. Siku zote nilikuwa nautazama ule mguu bila kujua.

Mwalimu alikuja. Kasikia mtu anasema peke yake akahofia nimechanganyikiwa. Nikampa karatasi asome. Alisoma amesimama, akavua miwani, akaondoka bila kuniaga.

Kuna jambo moja mwenzangu alikosea, nami sina wa kumsahihishia ila wewe. Si kweli kwamba sikumpima. Kila alipoanika nguo kambani na kuingia ndani, mimi nilitoka na futi nikapima gauni lililolowa, nikatoa hesabu ya kulowa, nikarudi upesi kukaa. Alinenepa mbele ya macho yangu nami nikakimbilia kambani. Nilitaka ashangae. Sikujua kwamba ameyachukulia hivyo, na kwamba alikuwa anaishi kwa imani hiyo. Nimecheka peke yangu dukani, halafu nikalala kichwa juu ya cherehani, nikakaa hapo mpaka mtu akaja kuchukua sare.

Habari za yule bwana sitasema kitu. Nilimshonea suti, ilimkaa vizuri; kazi yangu iliishia hapo. Wewe hukunitia msiba. Ungenitia msiba kama ungeendelea kuniandikia maneno matatu.

Mimi sasa nahitaji mtu dukani. Wateja wanasema kiuno, naandika bega. Mwalimu ananisaidia asubuhi lakini yeye anataka kila kitu kiwe cha desimali. Sikuiti uje unihurumie, nimechoka na huruma, fundi wa sabufa alinipa ya kutosha. Nakuita kwa kazi. Mikono yako inajua kukunja, na kushona hukusahau, ulikuwa mvivu tu. Ukitaka kubaki huko na mashuka yako, baki, nitaelewa. Ukitaka kuja na mwenzako Mama Honi atembee siku mbili tatu, njooni; sisi wawili tutapigiana kelele na hakuna atakayeudhika.

Chumba cha nyuma nimeondoa marobota ya vitambaa, nimepaka chokaa, dirisha linafunguka. Usiniletee kitu.

Na ukifika usipige hodi, utasimama hapo mpaka jua lizame. Mlango siufungi mchana. Sukuma uingie. Utanikuta nimekupa mgongo, niko kwenye cherehani. Niguse bega.

Mjomba wako